Kuzuru Chatsworth: Mwongozo Kamili wa Siku Nzima Katika Jumba la Kale na Mbuga Yake

Kila aliyesoma historia ya Kenya shuleni amekutana na jina la Devonshire. Ni ule Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, uliotoka London wakati walowezi wa Kizungu na Wahindi wakivutana juu ya nani awe na sauti katika koloni. Waraka ukatamka kwamba Kenya kimsingi ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao ndiyo yatangulizwe. Tuliukariri kwa ajili ya mtihani. Nilichokuwa sijui ni kwamba Devonshire huyo alikuwa mtu: Victor Cavendish, Duke wa tisa wa Devonshire, Waziri wa Makoloni wa wakati ule. Nyumba yake ipo hadi leo, na mlango uko wazi kwa yeyote mwenye tiketi.

Nyumba hiyo inaitwa Chatsworth. Usitafute kwenye mkoa wa Devon. Iko Derbyshire, katikati ya Uingereza, kando ya mto Derwent. Duke ni cheo cha juu kabisa cha makabaila wa Kiingereza, na jina la mahali linalofuata cheo si lazima liwe pale wanapoishi.

Mimi naishi Sheffield, mwendo wa saa moja kwa basi. Nimekwenda Chatsworth katika majira yote manne, peke yangu, na watoto wa jirani, na mara moja na mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Molo. Safari ile ya Mama ndiyo iliyonifundisha namna ya kuzuru mahali hapa. Ninayoyaandika ni kwa ajili ya ndugu walioko Uingereza wanaopita vibao vya majumba haya bila kuingia, wakidhani si mahali petu, na kwa wanaokuja kutembelea watoto wao huku.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Amua kwanza unataka kuona nini, maana kuna vitu vitatu na kila kimoja kina utaratibu wake. Kuna mbuga, yaani ardhi ya malisho, miti mikubwa na mto inayolizunguka jumba, ekari kama 1,000. Kuna bustani ndani ya uzio, ekari 105. Halafu kuna jumba lenyewe. Kutembea mbugani hakuna malipo, mwaka mzima. Ukienda kwa gari utalipia maegesho. Ukienda kwa basi au miguu, hulipi chochote. Bustani na jumba vina tiketi. Unaweza kukata ya bustani peke yake au ya vyote viwili, na ya vyote viwili kwa mtu mzima ni kama pauni 30. Si hela ndogo. Ndiyo maana nasisitiza usiende kwa saa mbili. Tenga siku nzima.

Kata tiketi mtandaoni siku kadhaa mapema. Tiketi ya jumba ina saa yake ya kuingia, na ushauri wangu ni kuchagua saa sita au saa saba mchana, si asubuhi. Sababu nitaieleza hapo chini. Angalia pia tarehe: kwa kawaida jumba na bustani hufungwa baada ya sikukuu za Krismasi hadi machipuko yanapoanza mwezi Machi. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, nenda mwezi Mei, maua yakiwa yamechanua, au wiki mbili za katikati ya Oktoba majani yanapogeuka rangi. Novemba na Desemba vyumba hupambwa kwa Krismasi na umati huwa mkubwa. Watoto hufurahi, lakini utaona mapambo zaidi ya nyumba.

Hifadhi tiketi kwenye simu kama picha. Bonde lile lina vilima pande zote na mtandao husuasua. Nimewahi kusimama langoni nikisubiri barua pepe ifunguke huku foleni ikirefuka nyuma yangu.

Nguo: usidanganywe na jua la asubuhi. Hapo ni kwenye milima ya Peak District na mvua huja bila hodi. Vaa viatu vya kufunga visivyoteleza, maana mbugani kuna matope na kinyesi cha kondoo. Mama alikuja na viatu vyake vizuri vya kanisani. Kufika saa nne tukawa tumekaa kwenye benchi nikimfunga mifuko ya plastiki juu ya soksi. Siku ile ilibidi tukate nusu ya matembezi. Chukua koti la mvua badala ya mwavuli. Upepo wa kule huvunja mwavuli.

Chakula kinauzwa, lakini bei ni ya mahali pa watalii. Beba chako. Kula bustanini au mbugani juu ya nyasi kunaruhusiwa, mradi usiwashe moto na uondoke na taka zako. Mahamri, mayai ya kuchemsha na thamosi ya chai ya tangawizi vilitutosha. Kwa anayetafuta chakula cha halali, kubeba chako ni salama zaidi kuliko kutegemea utakachokuta. Na anayeswali achukue mkeka mdogo. Mbuga ni pana, kuna miti ya kujisitiri, na kibla kutoka Uingereza ni upande wa kusini mashariki.

Ukisafiri na mzee au mtu asiyeweza ngazi, piga simu siku chache kabla. Jumba lina ngazi nyingi, na wenyeji wanaweza kukupangia njia nyingine wakijua mapema.

Kufika

Hakuna kituo cha treni karibu. Kilichokuwa Bakewell kilifungwa katika miaka ya 1960. Ukitoka London, panda treni ya kwenda Sheffield kutoka St Pancras, kama saa mbili, au ushuke Chesterfield, kituo kimoja kabla. Kutoka hapo ni basi. Mabasi ya kutoka Sheffield kuelekea Bakewell hupita karibu, na baadhi huingia hadi mbele ya jumba. Hakikisha ratiba ya siku hiyohiyo, hasa Jumapili, kisha andika kwenye karatasi saa ya basi la mwisho la kurudi. Hili la karatasi nalisema kwa dhati.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda kuliko zote, kama miguu yako ina nguvu. Shuka Bakewell, mji mdogo wenye soko, nunua kipande cha pudini ya Bakewell, ile ya lozi na jemu, kisha tembea kupitia mashamba hadi Chatsworth. Ni kama kilomita 6. Unapanda kilima, unapita msitu, halafu ghafla miti inaisha na bonde lote liko chini yako, na jumba la mawe ya rangi ya asali liko ng'ambo ya mto. Hakuna kuingia kwingine kunakolingana na huko.

Anza nje

Watu wengi hushuka kwenye gari na kwenda moja kwa moja mlangoni. Wanazunguka vyumba kwa saa mbili, wanatoka wamechoka, wanapiga picha moja ya chemchemi na kuondoka. Mimi nasema kinyume. Anza nje, tena mapema, halafu jumba liwe la mchana.

Hili nimejifunza kwa mtu aliyekuja hapa kwa mara ya kwanza alfajiri ya mwezi Mei mwaka 1826. Joseph Paxton alikuwa kijana wa familia ya wakulima, hajatimiza miaka 23, na Duke wa sita alikuwa amemwajiri awe msimamizi wa bustani. Alifika saa kumi na nusu alfajiri. Milango ilikuwa imefungwa, akapanda ukuta, akazunguka bustani yote peke yake, akawapangia vibarua kazi walipofika saa kumi na mbili, kisha akaenda kunywa chai kwa msimamizi wa nyumba. Hapo akakutana na mpwa wa mama huyo, Sarah Bown. Paxton mwenyewe aliandika kwamba kabla ya saa tatu asubuhi walikuwa wameshapendana. Walioana mwaka uliofuata. Karibu kila kitu kikubwa utakachoona bustanini ni kazi ya kijana yule.

Wewe huna haja ya kupanda ukuta. Saa tatu asubuhi mbuga iko wazi. Anzia kwenye daraja la mawe juu ya Derwent, lililojengwa katika miaka ya 1760 na James Paine. Simama katikati, tazama jumba, tazama mto unavyopinda taratibu, tazama miti ilivyosimama makundi makundi juu ya vilima. Yote yanaonekana kama Mungu aliyaacha hivyo. Sivyo. Lancelot Brown, mtengeneza bustani mashuhuri kuliko wote wa karne ile, aliajiriwa na Duke wa nne. Alisawazisha vilima, akabadilisha mkondo wa mto, akang'oa bustani za mistari na kupanda miti akijua kwamba hatakuwa hai kuiona imekomaa. Ukishajua hivyo, macho yako hubadilika. Kila mti unauuliza: nani alikuweka hapo, na alitaka nione nini?

Hapo darajani Mama alinyamaza muda mrefu. Kondoo walikuwa wametapakaa chini, ukungu ukipanda kutoka mtoni, nyasi zimelowa. Kisha akasema, "Hii ni Molo."

Nikacheka kidogo, yeye hakucheka. Mama alizaliwa kwenye shamba la mlowezi karibu na Molo. Bibi yangu alikuwa akichuma pareto. Akaninyooshea kidole: kondoo wale, miti ile mmojammoja katikati ya malisho, ile njia inayopinda ili nyumba isionekane mpaka ukaribie. "Walikuwa wanajenga kwao," akasema. "Sisi tulidhani ndivyo mashamba yalivyo." Waraka ule wa 1923, pamoja na maneno yake mazuri, uliziacha Nyanda za Juu mikononi mwa Wazungu. Nilikuwa nimeusoma miaka mingi, lakini sikuwahi kuuona. Niliuona siku ile, nikiwa nimesimama juu ya daraja la mwenyewe.

Kwa hiyo kaa hapo darajani dakika 20. Usione haya.

Kutoka darajani fuata mto. Utapita karibu na mnara mfupi wa mawe uliozungukwa na handaki, unaoitwa kwa jina la Mary, Malkia wa Uskoti, aliyewekwa Chatsworth kama mfungwa mara kadhaa kati ya 1569 na 1584, katika nyumba ya zamani iliyokuwapo kabla ya hii.

Utakutana na kulungu. Wako wa aina mbili, wale wakubwa wekundu na wale wadogo wenye madoa. Wanaonekana wapole, lakini weka mita 50 kati yako nao. Mwezi Oktoba ni msimu wa madume kupigania majike, na utasikia mngurumo wao kabla ya kuwaona. Wakati huo ongeza umbali. Usiwalishe. Ukiwa na mbwa, mfunge kamba, hasa miezi ya machipuko kondoo wanapozaa.

Bustani: fuata maji

Ekari 105 zinaweza kukupoteza. Njia rahisi ni kuifuata historia ya maji, maana hapa maji ndiyo roho ya bustani, na hakuna pampu inayoyasukuma. Yanatoka kwenye maziwa ya kuchimbwa juu kilimani na kushuka kwa uzito wake.

Anzia kwenye ngazi za maji zilizo mteremkoni nyuma ya jumba. Zilijengwa mwaka 1696 na kupanuliwa miaka michache baadaye. Kuna makundi 24 ya ngazi za mawe, na mawe ya kila kundi yamechongwa tofauti kidogo ili maji yatoe sauti tofauti. Siku yakipita, panda polepole pembeni ukiwa umefumba macho kwa hatua chache, usikilize. Lakini ulizia kwanza, kwa sababu zimehitaji matengenezo makubwa miaka hii ya karibuni na huenda ukazikuta kavu. Zikiwa kavu, utaona vizuri zaidi jinsi mawe yalivyochongwa.

Kisha shuka kwenye bwawa refu upande wa kusini. Hapo kuna chemchemi inayorusha maji juu kwa mkupuo mmoja, na kisa chake nakipenda sana. Mwaka 1844 ilisemekana Mfalme wa Urusi, Tsar Nicholas wa Kwanza, angefika Chatsworth. Paxton akaamua kumtengenezea chemchemi ya juu kuliko aliyokuwa nayo kwake Urusi. Wakachimba ziwa la ekari 8 juu kilimani, wakafanya kazi usiku kwa mwanga wa taa, na ndani ya miezi sita maji yakaruka. Yamewahi kufika mita 90. Tsar alikuja Uingereza, lakini Chatsworth hakufika. Chemchemi ikabaki, na hadi leo inaitwa ya Mfalme. Wakati wa ukame huzimwa, na upepo ukiwa mkali hupunguzwa.

Juu zaidi kuna bustani ya vichochoro vya ua mrefu, ambamo watu hupotea wakitafuta njia ya katikati. Kabla hujaingia, tazama kuta za mawe zinazoizunguka. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba kubwa ya vioo ya Paxton, iliyojengwa kati ya 1836 na 1840: urefu mita 84, upana mita 37, imepashwa joto kwa boila nane na mabomba ya kilomita 11. Malkia Victoria aliizuru mwaka 1843, akipita ndani yake kwa gari la farasi huku taa 12,000 zikiwaka. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia makaa yakakosekana, mimea ya nchi za joto ikafa, na mwaka 1920 ikabomolewa kwa baruti. Aliyeamuru ibomolewe ni yuleyule Victor Cavendish, miaka mitatu kabla ya waraka wake. Vichochoro vya leo vilipandwa 1962.

Sasa ndizi. Katika miaka ya 1830 Paxton alipata mgomba mfupi uliokuwa umeletwa Uingereza kutoka Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi. Akaulea kwenye joto la vioo, ukatoa maua Novemba 1835, na ukapewa jina la familia ya mwajiri wake: Cavendish. Baadaye wamishonari walichukua machipukizi hadi visiwa vya Samoa. Leo ndizi nyingi zinazosafirishwa kuuzwa nchi za nje ni za kundi hilo, zile ndefu za manjano zilizofanana kama mapacha. Uliza watunza bustani kama nyumba ya vioo ya mimea ya joto iko wazi siku hiyo. Mtu aliyekulia migombani akitazama mgomba uliofungiwa kwenye kioo huelewa bidii ya watu wale kuliko akisoma maelezo kumi.

Ndani ya jumba

Ardhi hii ilinunuliwa mwaka 1549 kwa pauni 600 na Sir William Cavendish, na ni mkewe, Bess wa Hardwick, aliyetaka wakae hapa. Walianza kujenga 1552. Unachokiona leo ni zaidi kazi ya Duke wa kwanza, aliyeanza kuijenga upya upande baada ya upande kuanzia 1686 hadi kifo chake 1707.

Ndani utapangiwa njia moja ya kufuata. Mabegi makubwa ya mgongoni huombwa yabebwe kifuani. Picha piga, ila zima mwanga wa kamera. Usiguse kitu, hata ukuta. Mafuta ya vidole hula dhahabu na hariri. Ukiona mapazia yamefungwa na chumba kina giza, mpe macho muda. Jua huunguza rangi za vitambaa, na vingine vina zaidi ya miaka 300.

Katika kila chumba kuna mwelekezaji, mara nyingi mstaafu wa kijiji cha karibu aliyevaa beji. Hawa ndio hazina ya jumba, na wengi wetu huwapita kwa aibu au kwa kuogopa Kiingereza chetu. Wasalimie. Uliza. Wao huchoka kusimama kimya. Mama alimwita mmoja "dada" na wakamaliza dakika kumi wakizungumzia kuvu kwenye mbao, mimi nikitafsiri.

Ukumbi wa kwanza una dari na kuta zilizochorwa maisha ya Julius Caesar, kazi ya Louis Laguerre. Usitazame juu ukitembea; simama kwanza. Kutoka hapo unapanda hadi vyumba vya fahari vya ghorofa ya juu, na hapa kisa cha chemchemi kinajirudia. Vyumba hivi, kitanda, viti na dari zake za kuchorwa, vilitayarishwa kwa matumaini kwamba Mfalme William wa Tatu na Malkia Mary wa Pili watakuja kulala. Hawakuja.

Katika chumba cha muziki tafuta mlango uliofunguliwa nusu. Nyuma yake kuna mlango mwingine, na juu yake fidla inaning'inia kwenye kigingi cha fedha kwa utepe. Nenda hatua mbili kushoto, kisha mbili kulia. Hakuna fidla. Ni rangi tupu, mchoro wa Jan van der Vaardt wa mwanzoni mwa karne ya 18. Kivuli cha upinde, mng'ao wa mbao, utepe ulivyokunjika, vyote ni brashi. Mama alimwuliza mwelekezaji, "Mbona hamuitoi ikapigwa?" Yule bibi akamshika mkono, akamsogeza pembeni hadi kivuli kikakataa kusogea pamoja naye. Nitaukumbuka uso wa Mama siku zote.

Mwisho wa njia kuna ukumbi wa sanamu, wa Duke wa sita. Wengi hufika hapa wamechoka na kuupita haraka. Usifanye hivyo, pumzika kidogo kabla, ukafike na nguvu. Tafuta sanamu ya mwanamke aliyejifunika shela, ya Raffaele Monti, ya mwaka 1847. Ni marumaru ngumu, lakini kitambaa kinaonekana chepesi kiasi kwamba pua, midomo na kope vinaonekana chini yake. Inama kidogo utazame pale shela inapogusa kidevu. Mtu wa Pwani aliyewahi kufunuliwa bibi harusi atasubiri apumue.

Kwa nini unaingia

Kuna jambo linalofaa kujulikana kabla hujatoka, nalo lilinifanya nisione uchungu wa bei ya tiketi. Novemba 1950 Duke wa kumi alifariki ghafla, miezi michache kabla ya kutimia muda wa kisheria ambao ungewaepusha warithi na kodi ya mirathi. Kodi ikawa asilimia 80 ya mali yote. Mwanawe Andrew na mkewe Deborah waliuza ardhi, wakatoa kazi za sanaa zilizo bora kabisa, wakaikabidhi serikali jumba lao jingine la Hardwick. Chatsworth ilikuwa imetumika kama shule ya wasichana wakati wa vita na ilikuwa na baridi na giza. Waliamua kuitunza, na waliitunza kwa kufungua milango. Tangu 1981 jumba, bustani na mbuga viko chini ya amana maalumu, na fedha za tiketi zinarudi kwenye paa, mabomba na mapazia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni waliotandikiwa vitanda hawakufika. Waliofika ni watu wa kawaida, tangu zamani: reli ilipofika Rowsley, karibu na hapa, mwaka 1849, watu 80,000 walikuja msimu ule mmoja wa kiangazi, wengi wao wafanyakazi wa viwandani. Kwa hiyo ukiwa kwenye foleni na ukahisi macho ya watu, tulia. Uko kwenye foleni ya wenye haki.

Alasiri: picha na Edensor

Uso wa jumba unaotazama mto ni wa magharibi. Asubuhi una kivuli. Kuanzia saa tisa alasiri jua huupiga moja kwa moja na fremu za madirisha, zilizofunikwa kwa jani la dhahabu, huwaka. Hiyo ndiyo saa ya kurudi ng'ambo ya mto na kupiga picha. Mwenye nguvu bado anaweza badala yake kupanda msitu ulio nyuma ya jumba hadi mnara wa kuwindia wa karne ya 16, lakini njia ni ya ngazi na huteleza.

Mimi humalizia Edensor, kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka darajani. Huandikwa hivyo lakini hutamkwa "Enza". Usipojua, dereva wa basi hatakuelewa. Zamani kilikuwa karibu zaidi na mto. Sehemu yake ilionekana kutoka jumbani, na Duke wa sita akaamuru kihamishwe. Nyumba mpya zikajengwa nyuma ya kilima kati ya 1838 na 1842, kila moja kwa mtindo wake. Ukisimama barabarani utaona nyumba moja iliyoachwa peke yake upande wa pili. Mama aliuliza kama waliohamishwa waliulizwa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Makaburini nyuma ya kanisa, panda hadi juu kabisa. Amezikwa hapo Paxton chini kidogo, na juu, pamoja na familia ya Cavendish, kuna kaburi la Kathleen Kennedy, dada wa Rais John F. Kennedy. Aliolewa na mrithi wa Chatsworth mwaka 1944. Mumewe akauawa vitani Ubelgiji Septemba mwaka huohuo, naye akafa kwenye ajali ya ndege 1948. Kaka yake alikuja kumzuru hapa tarehe 29 Juni 1963, miezi mitano kabla ya kuuawa kwake. Kuna bamba dogo la jiwe linalokumbuka ziara hiyo.

Mama alichuma majani mawili yaliyoota juu ya kaburi moja lisilokuwa na maua, akalifagia kwa kiganja, kama tufanyavyo nyumbani. Kisha tukashuka barabarani. Basi la mwisho lilikuja na dakika sita za kuchelewa, nami nilikuwa nimesimama na ile karatasi mkononi.